Macho Hayana Pazia

Asubuhi moja ya Februari 2025, mama mmoja aliingia kwenye karakana yangu ya kuchapisha picha na kuzitia fremu hapa Eldoret. Hakuulizia bei. Alininyooshea simu, akaniambia niangalie. Kwenye simu kulikuwa na picha ya picha: ukuta wa hoteli fulani, kiti cha ngozi, na juu ya kiti fremu nyeusi niliyoiunda kwa mikono yangu mwenyewe. Ndani ya fremu alikuwa yeye.

"Ni wewe ulinipiga hii?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyu Subira ni nani? Mimi siitwi Subira."

Subira ndilo jina nililoipa picha. Nililiandika kwa penseli kwenye ukingo mweupe wa chini. Kushoto kwake niliandika 1/10, yaani nakala ya kwanza kati ya kumi, na kulia nikatia sahihi. Jirani yake anayefanya usafi pale hotelini ndiye aliyemtambua, akaipiga kwa simu na kumtumia. Kunipata haikuwa kazi, maana jina langu lilikuwa pale chini. Lake halikuwepo.

Kisha akaniuliza swali ambalo limenifanya niandike haya. Aliweka kidole kwenye kioo cha simu, upande wa kushoto, mahali palipokuwa na giza tupu.

"Na mtoto wangu ulimpeleka wapi?"

Nieleze picha yenyewe. Niliipiga Julai 2023, saa moja jioni, kando ya Uganda Road, mvua ikiwa imetoka tu kunyesha. Mama alikuwa anachoma mahindi. Moto wa jiko ulimulika uso wake kutoka chini, na mvuke wa lami ulikuwa unapanda nyuma yake. Mtu yeyote mwenye kamera angesimama. Nilisimama, nikapiga mara tatu, nikanunua hindi moja, nikaenda zangu. Sikumwambia chochote. Kama angeniuliza siku ile, nadhani ningemjibu kwa methali ambayo wapiga picha wa mtaani tunaitegemea kuliko sheria yoyote: macho hayana pazia. Mtu akiwa barabarani anaonekana, na kinachoonekana hakina mlinzi.

Lakini faili niliyotoka nayo siku ile haikuwa picha iliyoning'inia hotelini. Kwenye faili, kushoto kwa mama, kulikuwa na mvulana wa miaka kama kumi amekalia kreti ya soda iliyopinduliwa, amevaa sweta jekundu la shule, daftari juu ya magoti, akiandika kwa mwanga wa jiko la mamake na balbu ya duka la jirani. Nyuma yao walisimama wateja watatu wakingoja mahindi yao, mmoja akicheka na simu sikioni. Bango la duka lilikuwa linawaka. Ukiitazama faili ile yote unaona jioni ya kazi: biashara inakwenda, mtoto anafanya homuwaki, mvua imekwisha.

Nilikaa na faili hiyo jioni tatu. Jioni ya kwanza nilikata upande wa kushoto, kwa sababu sweta jekundu lilikuwa linavuta jicho kutoka kwenye uso. Jioni ya pili nilitia giza nyuma hadi wateja na bango vikamezwa, na nikaondoa rangi zote ikabaki nyeusi na nyeupe. Jioni ya tatu nilichapisha vipande vidogo vya majaribio, nikaviegemeza ukutani na kuvitazama chini ya balbu tofauti, kwa maana skrini inatoa mwanga na karatasi haitoi. Kisichojulikana hilo hutoka na picha zenye giza zaidi ya alivyokusudia. Nilipoipata niliyoitaka, nikachapisha kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, kwa wino wa pigmenti, nikaiacha ikauke hadi kesho yake.

Kutoka hapo ni kazi ya fundi wa fremu, na naomba uniruhusu niieleze, kwa sababu ninaipenda na kwa sababu ina uzito katika hoja yangu. Picha ya kuuza haigandishwi kwenye kadibodi kwa gundi. Inashikwa kwa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga wa ngano, ili karatasi ipate kutanuka na kunywea kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika. Selotepu ni adui. Baada ya miaka michache gundi yake hugeuka manjano na kuingia ndani ya karatasi. Mbele ya picha inawekwa maunti, ile kadibodi nyeupe yenye dirisha lililokatwa kwa mshazari, na iwe kadi isiyo na asidi, la sivyo itaichoma picha polepole. Maunti hiyo ndiyo inayozuia kioo kisigusane na picha, kwa sababu vikigusana vitashikana siku ya baridi. Nyuma unaziba vizuri kuzuia vumbi na wadudu. Halafu unamwambia mnunuzi asiiweke mahali jua linapoingia, hasa huku kwetu juu ya mita 2,000, ambako jua linachoma hata siku ya baridi. Ukifuata yote hayo, picha inaweza kumzika aliyeipiga, aliyeinunua na aliyepigwa.

Gharama ya karatasi na wino ilikuwa shilingi 2,400, na ya maunti, kioo na fremu shilingi 3,800. Niliuza kila nakala shilingi 18,000. Kufikia siku mama anaingia nilikuwa nimeuza nne: moja kwa hoteli, moja kwa daktari wa hapa mjini, na mbili kwa wageni waliokuja kukimbia Iten wakashuka Eldoret kabla ya kupanda ndege. Nikitoa gharama, nilikuwa nimebaki na shilingi 47,200. Yeye wakati huo alikuwa anauza hindi shilingi 30. Picha yake moja ilikuwa sawa na mahindi 600.

Nilitarajia ataanza na pesa. Hakuanza na pesa. Alinitazama nikifungua faili ya zamani kwenye kompyuta, akamwona mwanawe, wateja, bango. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sasa wewe ulinifanya kama mtu hana mtu."

Nimejaribu kujitetea mbele ya sentensi hiyo kwa namna nyingi, na ningependa kuzipitia moja baada ya nyingine, maana sidhani niko peke yangu.

Utetezi wa kwanza ni sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema picha ni mali ya aliyeitunga, isipokuwa kama ameagizwa na mtu mwingine. Hapo hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, kama hawakupatana vinginevyo. Tafakari maana yake. Mtu akija kwangu na kulipia picha nne za pasipoti, uso ule ni wake hata mbele ya sheria. Mama aliyepigwa bila kuulizwa hakuagiza kitu, kwa hiyo hana kitu. Aliyelipa amelindwa, aliyechukuliwa bure hana lake. Ni kweli Katiba ya 2010 inataja heshima ya kila mtu katika kifungu cha 28 na faragha katika kifungu cha 31. Ni kweli pia kwamba tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 tumeanza kuona meno: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza faini ya shilingi 1,850,000 kilabu kimoja cha Nairobi kilichoweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Lakini sheria hiyohiyo imeacha mlango kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, na wakili mzuri angenipitisha mimi na fremu yangu kwenye mlango huo. Tuseme basi nimepita. Mama bado amesimama karakanani, na swali lake halikuwa swali la mahakama.

Utetezi wa pili ni wa wenzangu, na una nguvu zaidi. Wanasema: kila picha ni kukata. Ulipoelekeza lenzi kwa mama ulikuwa tayari umekata barabara nzima, matatu za Turbo, mto Sosiani, na Kenya yote. Kumkata mtoto pembeni ni kuendeleza tu kile kamera ilichoanza. Kama kukata ni dhambi, basi tuweke kamera chini sote.

Nakubali nusu. Kweli hakuna picha isiyokata. Ila kuna tofauti kati ya kukata kwa kamera na kukata kwa mezani, nayo ni wakati. Kamera ilifunguka kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Katika muda huo mtu anafuata mwanga, mkono unatangulia akili, na akikosea tunaweza kumsamehe kama tunavyomsamehe aliyeropoka. Kuchapisha kulinichukua jioni tatu. Nilikunywa chai katikati. Nilimwona mtoto, nikampima, nikamwona anaharibu, nikamtoa. Mwanadamu hawezi kusema aliropoka kwa jioni tatu.

Ndiyo maana nimefika kwenye imani kwamba sisi tunaoandaa picha kwa ajili ya ukuta na soko tumejificha muda mrefu nyuma ya mpigaji. Mijadala yote ya maadili ya picha huzungumzia kubonyeza kitufe: je, aliomba ruhusa, je, alikuwa na haki ya kuwa pale? Mchapishaji na fundi wa fremu huhesabiwa kama seremala wa jeneza, mtu anayepokea vipimo. Kumbe deni kubwa linaingiwa kwetu. Kitufe kinachukua sura. Chapa inaamua sura hiyo itakuwa nani: iwe na giza kiasi gani, iwe kubwa kiasi gani, iitweje, iwe na wenzake au peke yake, ipatikane ngapi, iuzwe kwa nani. Macho hayana pazia, sawa. Lakini mimi sikuishia kwenye kuona. Nilipamba nilichokiona, nikakibandika bei.

Kuna mfano mkubwa wa jambo hili kutoka upande wa pili wa bara letu. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Watu walikuja kwake wamevaa walivyotaka kuonekana, wengine wakaazima saa, redio au suti ya studio, wakalipa, wakapeleka nyumbani picha ndogo za sentimita 13 kwa 18, zinazokaa vizuri mkononi. Zilikuwa picha za kutumia mama mkwe, za kuweka kwenye albamu, za kuonyesha wageni. Miongo kadhaa baadaye, negativu zilezile zilichapishwa upya zikiwa kubwa mno, nyeusi yake nyeusi zaidi na nyeupe yake nyeupe zaidi, zikauzwa kwenye nyumba za sanaa za Ulaya na Marekani. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York bila hata jina la aliyezipiga. Alitafutwa, akapatikana Bamako, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho Paris kwa jina lake. Mpigaji alirudishiwa jina. Waliokaa mbele ya kamera, wengi wao, hawajarudishiwa hadi leo, ingawa ndio waliochagua nguo, ndio waliolipa, na ndio sura inayonunuliwa.

Simlaumu Keïta, aliyekufa mwaka 2001 akiwa ameistahili heshima yote aliyopata. Wala sisemi picha zile zingebaki kwenye masanduku. Ninachosema ni kwamba picha haibaki ileile inapobadilishwa ukubwa, karatasi na ukuta. Ile ndogo ilimwambia anayeitazama: huyu ni dada yetu. Ile kubwa inamwambia: huyu ni mwanamke wa Bamako. Kati ya sentensi hizo mbili kuna mtu amepungua, na aliyempunguza ni chapa, si kamera.

Utetezi wa tatu ndio ulionisumbua zaidi, kwa sababu unatokea hapahapa kwetu. Mtu anasema: ukimpa kila anayepigwa picha haki ya kukataa, utaua ushahidi. Waovu nao wana sura. Fikiria Picha Mtaani, maonyesho aliyoyaanzisha Boniface Mwangi mwaka 2009, akaweka barabarani picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ili wananchi wasimame mbele ya walichofanyiana. Je, waliobeba mapanga wangeombwa ruhusa? Sisi wa Eldoret hatuhitaji kuelezwa kwa nini picha hizo zilihitajika. Kanisa la Kiambaa liliteketezwa Januari 1, 2008, na watu ndani yake, wengi wao kina mama na watoto, umbali mfupi kutoka mahali ninapoandikia haya. Kuna waliotaka jambo hilo lisiwe na picha kabisa.

Hoja hiyo ni ya kweli, na ilinilazimisha niache kipimo changu cha kwanza. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba kipimo ni hiki: je, aliye kwenye picha ataipenda? Hakifai. Mwanasiasa hapendi picha inayomwonyesha amelala bungeni, na mwenye panga hapendi picha ya panga lake. Kipimo nilichobaki nacho ni kingine: je, naweza kusimama na mtu huyu mbele ya picha hii na kumweleza usoni kila nilichofanya? Mbele ya mwenye panga, mchapishaji anaweza kusema: nimeonyesha ulichofanya, sijaongeza damu wala sijaondoa waliokuwa wanakuzuia. Anaweza kuchukiwa, lakini hawezi kuaibika. Mimi mbele ya mama wa mahindi nilikuwa na maelezo gani? "Nilimtoa mwanao kwa sababu sweta lake lilikuwa linavuta jicho." Nilijaribu kusema hivyo siku ile, nikasikia sauti yangu mwenyewe inavyosikika, nikaishia katikati.

Kuna tofauti nyingine. Picha za ushahidi hubandikwa ili watu wasumbuke. Ile yangu ilitundikwa juu ya kiti cha ngozi ili watu wapumzike. Niliuza uchovu wa mtu kama pambo, na uchovu wenyewe, kwa sehemu kubwa, niliutengeneza mimi. Jioni ile ilikuwa saa yake nzuri kuliko zote za siku. Wateja walikuwa wamepanga foleni.

Wapo watakaoniambia dawa ni rahisi: andika jina lake chini ya picha, iishe. Nililifikiria hilo, nikakumbuka niko wapi. Eldoret tunapendana na tunaoana, na tumekuwa jiji tangu Agosti 2024, lakini jina la mtu hapa si jina tu. Ukiliandika kamili, msomaji ameshajua kabila kabla hajatazama uso, na kila baada ya miaka mitano kuna watu wanaorudi kuhesabu nani anauza wapi. Jina linaweza kuwa heshima, linaweza pia kuwa anwani. Kwa hiyo sikupata kanuni ya kusema "weka jina" au "usiweke jina". Nilichokipata ni kwamba uamuzi huo haukuwa wangu. Nilimuuliza. Alifikiri, akasema niandike jina anavyoitwa na wateja wake, yaani mama wa fulani, basi. Kwa hiyo jina la yule mtoto niliyemkata ndilo lililokuwa linahitajika ili mama ajulikane.

Baada ya hapo yalibaki mambo ya vitendo, ambayo ndiyo magumu. Nilikuwa nimeahidi wanunuzi wanne nakala kumi tu. Ahadi ya namba ni kitu kitakatifu katika biashara hii. Anayeandika 1/10 na baadaye akachapisha ya kumi na moja ni mwizi, hata kama hakuna atakayemkamata. Nilikuwa na ahadi kwa walionilipa na deni kwa ambaye sikumlipa, na kwa muda nilidhani vinapingana. Havipingani. Hakuna aliyeahidiwa kwamba nitauza zote kumi. Niliamua nakala ya tano isitoke kamwe, na kinaya ni kwamba uamuzi huo umezipandisha thamani zile nne. Sijui nifanye nini na hilo, zaidi ya kulisema.

Niliwaandikia wanunuzi wote nikawaeleza kilichokatwa, nikawaahidi picha nzima badala ya ile bila malipo ya ziada. Daktari aliirudisha siku ya tatu. Hoteli ilisema wageni wameizoea, ikabaki nayo, ila walikubali nibadilishe kile kipande cha maunti chenye jina la Subira. Mgeni mmoja alijibu kwa upole kwamba anaipenda kama ilivyo. Mwingine hakujibu. Hivyo kuna nyumba mbili ng'ambo ambamo mama huyu anaendelea kuwa mtu asiye na mtu, na siwezi kuzifikia. Kosa la chapa ni la namna hiyo. Neno baya unaweza kuliombea radhi likasahaulika. Karatasi ya pamba isiyo na asidi tumeiunda makusudi isisahau.

Pesa nilimpelekea mwenyewe. Nusu ya kilichobaki, shilingi 23,600. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba kuhusu kwa nini ni nusu, kwamba mtaji na ujuzi ni wangu na sura ni yake. Hakuihitaji hotuba. Alizihesabu, akaziweka kwenye leso, akasema ni sawa, karo ya muhula imepata mahali pa kuanzia. Nakumbuka nilisikia nafuu, kisha nikaishuku nafuu yenyewe. Pesa ililipa deni la pesa. Lile lingine alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza nitalilipaje: "Nitengenezee kama ile ya hoteli. Hivyo hivyo, ukubwa huo huo. Lakini na mtoto."

Niliichapisha kwa rangi. Sikukata kitu. Sweta jekundu lilivuta jicho kama nilivyojua litavuta, na nikagundua kwamba jicho likishaenda kwa mtoto linarudi kwa mama kwa kufuata mwanga wa jiko, na ukiwatazama hivyo wote wawili unaelewa moto ule unawaka kwa ajili ya nini. Kama mchapishaji, siwezi kudai ni picha bora. Imejaa vitu. Bango la duka linapiga kelele. Jopo la waamuzi lingeichagua ile ya kwanza, na mimi mwaka 2023 ningekuwa miongoni mwao.

Nilimpelekea nyumbani Langas siku ya Jumapili. Mvulana, ambaye sasa amerefuka hadi begani kwa mamake, aliisogelea sana, akapachunguza pale kwenye daftari lake. Kwa ukubwa ule hesabu zilikuwa zinasomeka. Akacheka, akajifunika uso. Alikuwa ameandika saba mara nane ni hamsini na nne.

"Hapa afadhali ungenikata," akasema.

"Nyamaza," mamake akamwambia. "Iache hivyo hivyo."

Kisha akanionyesha mahali pa kuitundika, ukutani moja kwa moja mbele ya mlango. Nilimweleza kama ninavyomweleza kila mteja: mama, hapo jua la alasiri litaipiga, rangi zitapauka kabla ya wakati wake, afadhali ukuta ule wa ndani. Aliutazama ukuta wa ndani, ambako kuna giza hata mchana.

"Sasa huko nani ataiona?"

Nikapigilia msumari pale aliponionyesha.